Nimeishiwa imani na utoaji wa mahesabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wakazi wa Dar es Salaam waliojiunga na harakati ya kutoa kwa kufuata takwimu, wakatoa kwa moyo safi, na sasa moyo umeanza kuchuja. Umeandikwa na watu wanaozifahamu hesabu hizo kwa ndani. Soma swali linalokuhusu, mengine ruka.

Mnazungumzia harakati gani hasa?

Effective Altruism. Jina hilo lilichaguliwa Oxford, Uingereza, mwaka 2011, ila mizizi yake ni ya nyuma zaidi. Kuna hoja ya mwanafalsafa Peter Singer ya mwaka 1972: ukimwona mtoto anazama kwenye dimbwi utamwokoa hata kama viatu vyako vitaharibika, basi umbali usiwe kisingizio. Kuna GiveWell, shirika linalopima mashirika ya misaada na kutoa orodha ya yale yenye tija zaidi, lililoanzishwa Marekani mwaka 2007 na vijana wawili waliotoka kwenye kampuni ya uwekezaji. Kuna Giving What We Can ya mwaka 2009, inayowaalika watu waahidi asilimia 10 ya kipato. Wazo lenyewe lina mantiki: fedha zako ni chache, mashirika yanapishana sana kwa tija, kwa hiyo peleka panapoleta faida kubwa kwa kila shilingi. Humu tutaiita utoaji wa mahesabu.

Kilichowavunja watu moyo ni kashfa ya FTX?

Wapo waliovunjwa moyo na hilo. Kampuni ya sarafu za kidijitali ya Sam Bankman-Fried, mfadhili aliyejulikana kuliko wote katika harakati, ilianguka Novemba 2022. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa udanganyifu, na Machi 2024 akahukumiwa miaka 25 jela. Mwaka huohuo wa 2022 ikajulikana kwamba jumba la kale karibu na Oxford, Wytham Abbey, limenunuliwa kwa takriban pauni milioni 15 liwe la mikutano. Mtu wa Mbagala aliyeacha bodaboda akapanda daladala mbili ili ahadi yake itimie ana haki ya kuguna.

Lakini tabia ya watu haiharibu hesabu. Kama chandarua kinaokoa, kinaokoa hata kama msemaji wake anaishi kwenye kasri. Walioachana na harakati kwa sababu ya kashfa peke yake mara nyingi hujikuta hawana jibu wakiulizwa "sasa utatoa wapi?" Sababu zenye uzito zimo ndani ya mahesabu yenyewe, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Ile bei ya kuokoa maisha ya mtu mmoja inatoka wapi?

Kwa mashirika inayoyaweka juu, GiveWell imekuwa ikitaja makadirio ya kati ya dola 3,000 na 5,500 kwa maisha ya mtu mmoja. Hakuna aliyehesabu watu waliookolewa mmoja mmoja. Ni mnyororo wa kuzidisha na kugawanya, na kila pete ya mnyororo ni kisio.

Chukua pete tatu tu za chandarua. Tuseme, kwa mfano, chandarua kimoja hadi kimfikie mtu kinagharimu shilingi 13,000. Wapangaji wa kampeni huhesabu chandarua kimoja kwa watu 1.8. Chandarua chenye dawa husemwa kinadumu miaka 3. Zidisha 1.8 kwa 3, unapata miaka-watu 5.4 ya kinga (mwaka-mtu mmoja ni mtu mmoja kukingwa mwaka mmoja). Gawanya 13,000 kwa 5.4: shilingi 2,407 kwa mtu kwa mwaka.

Sasa ingia kwenye chumba chenyewe. Kitanda ni cha mbao na kona yake moja ina msumari, neti inanasa kila asubuhi inapokunjwa. Kibatari au jiko la mkaa liko jirani. Upindo wa chini unachomekwa kwenye godoro na kuchomolewa kila siku, na hapo ndipo tundu la kwanza huanzia. Vyandarua vilivyofuatiliwa majumbani Tanzania vimeonekana kuchakaa kabla ya miaka 3 kutimia. Weka miaka 2: miaka-watu inashuka hadi 3.6, bei inapanda hadi 3,611. Halafu kumbuka kuna siku za joto la Januari ambapo mtu hukipandisha juu akalala bila. Sema kinatumika siku 7 katika 10: miaka-watu 2.52, bei 5,159.

Chandarua ni kilekile na fedha ni zilezile, ila bei imezidi maradufu, na bado hatujagusa usugu wa mbu, idadi ya malaria ya eneo hilo, wala swali la kama Serikali au mfadhili mwingine angevileta vyandarua hivyo hata bila wewe.

Tuwe wa haki: wachambuzi wa GiveWell wanayajua yote haya, wanayaweka kwenye majedwali yao na wanayaacha wazi kila mtu ayaone. Tatizo linaanza pale namba moja inapochomolewa kwenye jedwali, ikabandikwa kwenye tangazo, ikawa bei kama ya kilo ya sukari.

Kwa hiyo vyandarua havifanyi kazi?

Vinafanya kazi. Ukiacha harakati usiondoke na uongo huo. Ila si kila chandarua, si kila mahali. Mbu wengi wamezoea pairethroidi, jamii ya dawa inayowekwa kwenye vyandarua vya kawaida. Utafiti uliofanyika Muleba, Kagera, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayopunguza usugu wa mbu, vinakinga kuliko vya kawaida. Wa Misungwi, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa vyenye klofenapiri, dawa ya jamii nyingine, pamoja na pairethroidi vinakinga zaidi kwa kipindi cha miaka miwili. Swali la kuliuliza shirika lolote la vyandarua, basi, ni: dawa gani, mkoa gani, mara ya mwisho mlikagua lini majumbani?

Kwa Dar yenyewe, malaria iko chini sana ukilinganisha na Kanda ya Ziwa, magharibi au kusini. Mlipuko wa dengi wa 2014 na ule wa 2019 ulitusumbua hapa, na mbu wake huuma mchana. Neti haikukingi ukiwa kibarazani saa nne asubuhi.

Na dawa za minyoo?

Huu ndio mfano tunaowapa wanaotaka kuelewa jinsi namba inavyobeba mzigo usio wake. Utafiti wa Busia, Kenya, uliochapishwa mwaka 2004 na Edward Miguel na Michael Kremer, ulionyesha watoto waliopewa dawa walihudhuria shule zaidi. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia mahesabu, wakakuta makosa, hasa kwenye faida iliyodaiwa kuwafikia watoto wa shule jirani. Mabishano yakawa makali. GiveWell haikuwa imeupokea ushahidi ule mzima mzima, iliupunguzia uzito sana kwa sababu ya mashaka, lakini dawa ni za bei ndogo mno kiasi kwamba hata baada ya kupunguza hivyo jibu lilitoka kubwa. Mwaka 2022 mashirika ya minyoo yakatolewa kwenye orodha ya juu ya GiveWell.

Zingatia utaratibu wa kosa: kitu cha bei ndogo sana kikizidishwa na uwezekano mdogo wa faida kubwa sana, siku zote kitaonekana bora. Mlango huohuo ndio uliopitisha hofu ya akili mnemba na ustawi wa vizazi vya miaka elfu ijayo hadi vikafika mezani pa mtu aliyeanza kwa kutaka kununua neti.

Nani aliamua maisha ya mtoto yana uzito gani kuliko kipato cha mama yake?

Kwa muda mrefu, wafanyakazi wa GiveWell, ofisi moja Marekani, kwa kupiga kura ya maoni yao wenyewe na kutafuta wastani. Baadaye, kwa ufadhili wa GiveWell, watafiti wa shirika la IDinsight wakawauliza karibu watu 2,000 wa kipato cha chini Ghana na Kenya. Waliohojiwa waliyapa maisha, hasa ya watoto wadogo, uzito mkubwa kuliko uliokuwa ukitumika. Uzito ukarekebishwa. Tunalitaja kwa heshima kwa sababu taasisi nyingi kubwa za misaada hazijawahi kuuliza kabisa. Hata hivyo, mtu aliyeulizwa achague kati ya vitu viwili vilivyoandikwa kwenye dodoso hakuulizwa kitu cha tatu anachokitaka.

Fedha taslimu mkononi, je?

Hapa takwimu ziko upande wa maskini. Siaya, Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja na GiveDirectly, shirika linalogawa fedha taslimu kwa maskini, na watafiti wakakuta kila dola iliongeza uchumi wa pale kwa karibu dola 2.5, bei za sokoni zikipanda kidogo mno. Lakini mwaka 2022 GiveDirectly iliondolewa kwenye orodha ya juu ya GiveWell kwa sababu haikufikia kiwango chao. Mwaka 2024 GiveWell hiyohiyo ikapitia upya, ikasema fedha taslimu zina tija mara 3 hadi 4 kuliko walivyokadiria awali. Hakuna mtu wa Siaya aliyefanya jambo lolote tofauti katikati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni jedwali.

Homa Bay, Kenya, nako watu wengi walikataa fedha, karibu nusu ya walioandikishwa, kwa sababu pesa ya bure kutoka kwa mgeni ilinuka ushetani. Mtanzania hahitaji kuelezwa hili kwa kirefu. TASAF ilijifunza mapema kuwa majina ya walengwa yakipitishwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, manung'uniko hayaishi ila angalau yana pa kusemewa.

Mbona mambo ya Dar hayaonekani kwenye orodha zao?

Kwa sababu orodha inahitaji kitu kinachofanana kila mahali: kidonge kilekile, neti ileile, sindano ileile. Matatizo ya jiji hayafanani. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend uliwekwa karibu na shule za msingi za Dar: njia ya waenda kwa miguu, matuta, vivuko, alama, na pengine kuhamisha geti la shule tu ili watoto wasitokee moja kwa moja barabarani. Ulipimwa kwa kulinganisha maeneo yaliyopata na ambayo bado, na majeraha ya barabarani kwa watoto yakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 ukashinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross, ya miradi ya miji. Ushahidi ni mzuri, lakini huwezi kupakia tuta kwenye kontena.

Mfano mwingine ni fistula. Upasuaji katika hospitali ya CCBRT, Msasani, ulikuwa bure, lakini wanawake hawakufika kwa kukosa nauli. Kuanzia mwaka 2009 nauli ikawa inatumwa kwa M-Pesa kwa balozi wa mradi wa eneo hilo (si balozi wa nyumba kumi), balozi anakata tiketi ya basi, mgonjwa anasafiri. Kizuizi kilikuwa tiketi. Jedwali linalouliza "upasuaji mmoja unagharimu kiasi gani" halina safu ya kuandika "basi".

Basi takwimu zote ni za kutupa?

Hapana, na ushahidi mzuri kuliko wote wa hilo ni wa kwetu. Mwaka 2013 na 2014 jaribio la elimu la KiuFunza, lililoongozwa na shirika la Twaweza hapa Dar, lilifanyika kwenye shule 350 za wilaya 10. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Za kundi la pili, mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi aliyefaulu kila somo. Kundi la tatu likapata vyote viwili, la nne halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Vyote viwili kwa pamoja vilipandisha. Mtu yeyote mwenye moyo mwema angetoa ruzuku, akapiga picha na madawati, akarudi nyumbani ameridhika. Bila kundi la kulinganisha tusingejua.

Kwa hiyo lililo la kuacha ni utii. Kikokotoo baki nacho.

Nimeahidi asilimia 10. Natokaje?

Ahadi ya Giving What We Can haikufungi kisheria. Unawaandikia barua pepe, unaeleza kuwa unaondoka au unapunguza, basi. Kabla ya kuandika fanya mambo haya:

Sitisha kwanza makato ya kadi. Watu huandika barua ya kuaga halafu benki inaendelea kukata miezi mitatu, kwa sababu makato yaliwekwa kwenye tovuti ya shirika jingine. Ingia kwenye kila akaunti ya mchango, futa mchango wa kila mwezi, kisha angalia taarifa ya benki ya mwezi unaofuata.

Halafu, kwa miezi mitatu, andika kila kitu unachowatumia ndugu: ada, dawa, kodi ya chumba ya mdogo wako, mchango wa msiba. Usichuje. Tumeona watu wenye mshahara wa mkononi wa 900,000 waliokuwa wakijilaumu kwa kutotimiza 90,000, kumbe tayari 200,000 inakwenda kwa ukoo. Hesabu ya harakati huichukulia fedha hiyo kama matumizi yako binafsi, sawa na kununua televisheni. Iliandikwa na watu ambao wazazi wao wana pensheni.

Mwisho, amua kiwango kipya na tarehe ya kukipitia. Ukiacha bila kiwango, tunachokiona mara nyingi ni kwamba ndani ya mwaka kutoa kunaisha kabisa.

Zaka, fungu la kumi na michango ya harusi vinahesabika?

Zaka ya fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu (kiwango cha chini) na kutimiza mwaka, na ina watu wake wanane waliotajwa. Usiichanganye na sadaka nyingine bila kumuuliza mjuzi. Fungu la kumi ni agano lako na kanisa lako. Harusi, kwa mtazamo wetu, ni deni la kijamii: unachanga kwa sababu ulichangiwa au utachangiwa. Si dhambi, ila isiingie kwenye daftari la kutoa.

Nikitaka kutoa hapahapa jijini, nikague vipi shirika?

Anza na usajili, na ujue ni wa wapi. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na Msajili wake yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Taasisi ya dini au chama cha kijamii kipo kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili. Makao ya watoto yanahitaji leseni ya ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Cheti cha NGO peke yake hakitoshi, na hapa ndipo wengi hudanganyika, maana cheti kimewekwa kwenye fremu na kina nembo.

Kisha omba ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, uone jina la mkaguzi na kama amesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Usiishie kwenye asilimia ya gharama za uendeshaji. Shirika linalolipa mhasibu mzuri linaonekana "ghali" na linaloandika risiti kwa mkono linaonekana "safi".

Halafu nenda siku ambayo hawakutegemei, katikati ya wiki. Waulize wanaohudumiwa, wala usiwaulize kama wanafurahi. Uliza mara ya mwisho huduma ilikosekana lini na walifanyaje. Mjumbe wa shina au afisa maendeleo ya jamii wa kata atakwambia mengi ndani ya dakika kumi kuliko kipeperushi.

Kwa vituo vya yatima, piga simu kwanza uulize kimepungua nini. Jumamosi hujaa biskuti na soda za sherehe za kuzaliwa, Jumatano hakuna sabuni ya unga wala fedha ya umeme. Watoto usiwapige picha.

Mradi mdogo wa mtaani naupimaje bila mtafiti?

Chagua kipimo kimoja kinachohesabika kabla hujaanza, na mahali pa kulinganisha. Mkitengeneza matuta mtaa mmoja, hesabu ajali za miezi sita kabla na miezi sita baada, na mtaa wa jirani usio na matuta hivyohivyo. Miezi ile ile ya mwaka: ukilinganisha masika na kiangazi umepima mvua. Mtu anayehesabu asiwe anayelipwa na mradi. Ukikuta hakuna tofauti, liandike hilo pia.

Kutuma kwa simu kuna la kuangalia?

Tuma na ya kutolea. Nauli ya kliniki ikifika pungufu kwa ada ya wakala, mgonjwa anabaki stendi. Kwa shirika tumia lipa namba yenye jina la shirika. Ikitokea jina la mtu binafsi, simama hapo hapo uulize.

Marafiki zangu wa kwenye harakati watanionaje?

Wengi watakuelewa kuliko unavyodhani. Nao wanaandika mashaka yaleyale, tena kwa majedwali.

Nikiacha, nitakuwa nimewaua watu?

Hapana. Hesabu inayosema dola kadhaa ni maisha ya mtu ni wastani wa fedha nyingi zilizopita mikono mingi. Haimtaji mtoto fulani aliyekuwa akisubiri muamala wako wa mwezi wa tano. Ukiona hatia hiyo inakunyima usingizi, acha kusoma majedwali kwa muda na umwone mtu wa kuzungumza naye.

Nimebakiwa na 50,000 tu kwa mwezi, na bado naamini vyandarua. Niendelee?

Endelea. Kusanya miezi mitatu utume mara moja, maana kila muamala wa kadi nje ya nchi una makato na benki hubadilisha dola kwa bei yake. Hakikisha kadi imefunguliwa malipo ya mtandaoni kabla ya siku yenyewe. Kwa mfano wetu wa 13,000, na kabla ya makato hayo, 150,000 ni vyandarua 11, watu 20 hivi. Pale kwenye daftari lako, kwenye safu ya miaka ya chandarua, andika 2, si 3.